Jogoo Aliyebaki Mkia

Nyinyi vijana mnaonijia na simu zenu mkitaka niwafunze kuandika mabango kwa mkono, karibuni, vuteni viti. Lakini kabla sijawaonyesha hata namna ya kushika brashi, niambieni: hapo mlipokaa, mwangaza unatoka wapi? Haya, mnaangaliana. Brashi mtaijua mkitulia. Mwangaza mimi ulinihangaisha maisha yote, na mpaka leo nikipita penye ukuta mweupe asubuhi, nasimama nautazama hadi watu wanauliza kama nimepotea.

Mimi ni Nkatha, mzaliwa wa Kanyakine. Nilikuja Meru mjini kutafuta kazi ya duka, na kazi ya duka ikanikataa kwa sababu nilikuwa nacheka na wateja kupita kiasi. Aliyenichukua ni Fundi Salimu wa Majengo, mwandishi wa mabango, mtu mrefu mwembamba aliyepanda ngazi kama anapanda kitandani kwake. Kofia yake nyeupe haikuwahi kupata doa. Mimi nilikuwa narudi nyumbani na rangi mpaka ndani ya masikio. Alinifunza kazi, akanifunza na Kiswahili, maana kile nilichotoka nacho shule alisema kinafaa kuitia ng'ombe.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii, na muishike: rangi ya kazi nzima changanya mara moja, kwenye debe moja, ukiwa kivulini. Paka kidogo kwenye kipande cha bati, ngoja ikauke, kisha tembea nacho. Kipeleke juani, kirudishe kivulini, kisimamishe kando ya ukuta, fumba jicho nusu ukiangalie. Rangi ikikubali kote huko ndiyo upande jukwaani. Alikuwa akiniambia kwamba ukichanganya mara mbili umeoa wake wawili, na usidhani mtaa hautajua.

Nilidharau hiyo sheria mara ya kwanza kule Embu, nikapewa somo. Mvua ilikuwa inanyesha, nikajifungia chumbani chini ya balbu ya manjano nikamchora mwanamke wa bango la saluni. Chini ya ile balbu alikuwa mrembo, ngozi ya kahawia inang'aa, nikamwonea hata wivu. Kesho yake tulipomtoa nje uso ulikuwa wa kijani kama ndizi mbichi. Mwenye saluni akamzunguka, akafikiri, akasema tumwache hivyo hivyo. Watu walikuwa wanaingia kuuliza yule mama anaugua nini, na wakishaingia wanasukwa.

Sasa tuje kwa jogoo, ambaye ndiye mnayemtaka hata kama hamjui.

Mnapajua pale matatu za Kianjai na Maua zinaposhushia watu. Zamani zile palikuwa na hoteli ya Bi Zaituni, nyumba ya chini yenye paa la mabati na ukuta wa mbele uliopanda juu ya paa, chai ya tangawizi kila siku na pilau siku ya Ijumaa. Juu ya mlango, kwenye ukuta unaotazama mashariki, Fundi Salimu alikuwa amechora jogoo mwekundu mkubwa, kimo cha watu wawili, kabla hata mimi sijamjua. Mji mzima uliishi kwa huyo jogoo. Kamati za harusi zilikutana kwa Jogoo, wachumba waliachana kwa Jogoo, mtu akileta mbuzi kutoka Tigania anaambiwa amfunge pale kwa Jogoo angoje. Kulikuwa na watu hawajawahi kunywa hata chai ya Bi Zaituni lakini bila huyo jogoo hawangefika kwao.

Basi jua na mvua vikamla. Kishungi kikaondoka, kifua kikabambuka, akabaki kama kuku aliyenyonyolewa nusu halafu mpishi akaitwa mahali. Na wakati huo huo akaja mjini kijana mmoja na mashine ya kuchapa mabango ya plastiki. Alimwonyesha Bi Zaituni kuku kwenye kompyuta, kuku mwenye kung'aa, hata kivuli chake alikuwa nacho. Siwezi kudanganya, alikuwa kuku mzuri. Na lile bango tayari alikuwa ameshalichapa, akalileta likiwa limekunjwa, likasimamishwa pale kando ya kaunta kama mteja anayengoja chai.

Muelewe shida yetu ilikuwa wapi. Safu yote ile, muuza viatu, kinyozi, mwenye duka la dawa, wote walikuwa wametuambia kwa heshima kwamba wanangoja kuona Bi Zaituni ataamua nini. Jogoo akienda plastiki, na wao wanaenda plastiki, na mimi na Fundi tunaenda nyumbani. Fundi alimsihi sana Bi Zaituni, mpaka akakubali kutupa siku moja, Ijumaa, kwa sababu Jumamosi ni ya soko na hakutaka miti ya jukwaa letu mlangoni kwake.

"Mpaka adhana ya Magharibi," alisema. "Nitatoka nje nimtazame. Nisipompenda, kesho yake asubuhi plastiki inapanda."

Alhamisi tulikwangua ukuta wote, tukaziba kifua kwa plasta mpya, tukapiga andakoti, ile rangi nyeupe ya kutangulia, jukwaa likafungwa kwa miti ya mikaratusi. Mchoro tuliuhamisha kwa miraba, na hapa pia sikilizeni. Unachora miraba midogo juu ya picha yako ndogo, unapiga miraba mikubwa ukutani kwa uzi wa chaki, halafu unahamisha mraba mmoja mmoja bila haraka. Nimeona mafundi wakichora kwa kubahatisha. Jogoo anaanza vizuri sana kichwani, ukifika miguuni ukuta umekwisha, na mwenye nyumba anabaki na kuku aliyeketi.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni mpaka kwenye mabati. Sikuona kichwa cha jogoo nikiwa miguuni pake. Fundi akachanganya nyekundu yake kivulini nyuma ya jiko la Bi Zaituni, akatembea na kipande chake cha bati, akaridhika. Tukaanza kifua. Mara ukungu ukapasuka, jua likatoka upande wa vilima vya Nyambene likiwa chini, la dhahabu, likampiga yule jogoo usoni. Lo! Nilijikuta naimba. Kila tulipopitisha brashi alikuwa anawaka.

Bi Zaituni naye akatoka na unga mikononi, akamwangalia, akakunja uso. Alitaka kujua kwa nini kuku wake ni wa machungwa. Alikuwa ameagiza mwekundu.

Fundi hakubishana. Alijibu taratibu kwamba tutamtuliza. Akanipa brashi safi, kavu kabisa, akaninong'oneza nipande nimpapase kifua. Nikapanda, nikampapasa yule jogoo bila tone la rangi, kwa bidii, huku nimeuma mdomo nisicheke. Wakati huo jua lilikuwa linapanda na ile dhahabu inamtoka yenyewe. Bi Zaituni akarudi baadaye kidogo, akaangalia, akafurahi. Akasema sasa ndiyo tumeelewa. Fundi akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka, na mimi nilishika mti wa jukwaa kwa mikono miwili nisidondoke kwa kicheko.

Hiyo ndiyo brashi kavu, wajukuu wangu. Mwenye kazi akilalamikia rangi asubuhi, mpe brashi kavu na umpe jua nafasi. Nimeitumia Meru, Embu na hata kanisani, na haijawahi kunitupa. Siku ambayo ingenifaa kuliko siku zote ndiyo siku niliyoisahau.

Ilikuwa adhuhuri ya Ijumaa hiyo hiyo. Fundi alikuwa ameenda msikitini kwa swala ya Ijumaa, ameniachia mkia peke yangu, na mkia wa jogoo ndio raha ya kazi yote, manyoya marefu ya kupinda ambayo brashi inateleza yenyewe. Debe lilikuwa limebaki na nyekundu kidogo sana chini. Plasta mpya ya kifuani ilikuwa imekunywa rangi kuliko tulivyodhani, na hilo Fundi alikuwa amelijua na kuniambia rangi ikikaribia kuisha nimngoje. Jua lilikuwa utosini, jeupe, linapiga andakoti na kunirudia machoni. Bi Zaituni akatoka tena, akainua mkono kukinga jua, akasema jogoo amepauka kama amefuliwa.

Nikashuka, nikavuka barabara, nikaangalia. Na kweli! Alikuwa amepauka! Niliona kwa macho yangu haya. Nikasahau brashi kavu, nikasahau bati, nikasahau saluni ya Embu. Nikachukua kile kilichobaki chini ya debe, nikamimina njano, nikaongeza njano, nikatia na nyeupe, palepale juani, mpaka ikalingana kabisa na kile kifua nilichokiona. Nikapanda nikapaka mkia wote. Waendesha boda boda walikuwa wananipigia honi, na mimi nawapungia brashi. Sijawahi kupaka kitu kwa furaha kama ile. Nilijiona fundi mkubwa, nikawa hata natunga maneno nitakayomwambia Salimu akirudi.

Jua likaruka paa. Ukuta ukaingia kivulini, mara moja, kama mtu amefunga mlango. Nilikuwa bado jukwaani nikiosha brashi kwa tapentaini, sioni kitu, maana ukiwa karibu na ukuta huoni ulichochora. Nikasikia honi zimenyamaza. Nikageuka. Fundi Salimu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, anatazama juu. Halafu akaketi polepole kwenye ukingo wa mtaro, na kofia yake nyeupe, na kanzu ya Ijumaa.

Niliposhuka na kusimama kando yake niliona alichokuwa anaona. Jogoo mwili wake ulikuwa mwekundu wa damu, mtulivu, mzuri kabisa. Mkia ulikuwa wa njano ya kuelekea machungwa, unapiga kelele peke yake. Ulikuwa mkia wa kuku mwingine. Muuza miraa mmoja alikuwa anawaeleza wenzake kwamba huyo jogoo ameazima mkia wa kuvaa harusini.

"Nkatha," Fundi akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "huu mkia umeutoa wapi?"

Nilitaka kulia, na nilipofungua mdomo nikacheka. Ndivyo nilivyo, hofu ikinishika nacheka. Moyoni niliona safu yote ile imefunikwa plastiki, na mzee huyu aliyenipa kazi amekaa Majengo hana ukuta wa kugusa, kwa sababu yangu. Nilicheka mpaka machozi, na machozi yalikuwa ya kweli.

Mtasema, si mngepaka tena juu yake. Na hapo mjue rangi ya mafuta. Mkia ulikuwa bado mbichi. Ukipitisha nyekundu juu ya njano mbichi vinavurugana, unapata tope, na tope linateremka ukutani lenyewe. Lazima ilale usiku mzima kwanza. Na sisi usiku mzima hatukuwa nao.

Fundi alikaa akafikiri, kisha nikaona uso wake umebadilika, umekuwa wa mtoto anayepanga utundu. Akaniambia nyekundu ndiyo rangi inayokufa kwanza jioni. Jua likishaingia nyuma ya mlima, na hapa Meru linaingia mapema, nyekundu inageuka nyeusi. Kwa hivyo kazi yetu ni moja tu, Bi Zaituni asitoke nje mpaka giza liingie. Atatoka, atakuta jogoo mweusi mwenye mkia mweusi, atasema ni sawa kwa sababu hataona kitu, mkia utalala ukauke, na alfajiri tutaupaka upya kabla soko halijaanza. Plastiki haitapanda.

Basi mngetuona. Fundi aliingia hotelini akaagiza chai. Akaisifu tangawizi, akaagiza nyingine. Akamuuliza Bi Zaituni habari za dada yake wa Isiolo, habari za goti lake, habari za bei ya mchele, mtu ambaye kwa kawaida hazungumzi na mtu akiwa kazini. Kila Bi Zaituni akiangalia mlango, Fundi anaagiza mahamri. Mimi nilikuwa mlangoni najifanya nafuta vumbi, nawazuia wateja wasiseme neno. Mmoja alianza kusema, mama, huyo kuku wako nje, nikamkanyaga mguu. Kijana wa mashine naye akaja, akamwona jogoo, akatabasamu, akaketi mezani karibu na bango lake angoje. Alikuwa na adabu, hakusema kitu. Hiyo adabu yake ilinitisha kuliko maneno.

Mlima ukalimeza jua. Vivuli vikaungana. Nikatoa kichwa nje kila mara kumtazama jogoo, na kweli, kama Fundi alivyosema, wekundu ulikuwa unamtoka. Kifua kikawa rangi ya ini, kikawa rangi ya kahawa, kikawa giza. Nilikuwa karibu kuruka kwa furaha. Halafu nikaangalia mkia.

Mkia haukuzima.

Kadiri mji ulivyoingiwa na giza ndivyo ulivyozidi kuwaka, njano tupu, manyoya marefu yamepinda juu ya mlango, hayana mwenyewe. Kumbe nyekundu inakufa jioni lakini njano inakesha. Fundi alikuwa amefikiria kifua, hakufikiria mkia. Adhana ikaanza kule msikitini, na Bi Zaituni akavua aproni, akatoka.

Tulisimama wote barabarani, yeye, Fundi, mimi, na kijana wa mashine akiwa amekumbatia bango lake. Bi Zaituni alitazama kwa muda mrefu. Aliuliza kuku wake yuko wapi. Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa cha kichwa.

Ndipo matatu ya Kianjai ikasimama, ikamshusha mama mmoja mzee na kikapu, mgeni kabisa, anaangaza huku na huku. Alimuuliza kondakta kwa Jogoo ni wapi. Na yule kondakta, hata hakufikiri, akanyoosha mkono akamwambia aende pale penye mkia. Mama akafunga kikapu vizuri, akavuka barabara, akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akaingia. Nyuma yake wakashuka wengine wawili, wakaangalia juu, wakaingia.

Bi Zaituni akageuka kututazama. Nilidhani sasa tunafukuzwa.

"Miaka yote hii," akasema, "jioni watu wananipita wanaenda kwa jirani. Wananiambia hawakuona mlango." Akaangalia tena juu. "Huo mkia asiuguse mtu."

Nilimrukia nikamkumbatia, na rangi yangu yote, na buibui lake. Alinigombeza wiki nzima kwa ajili ya hilo buibui. Fundi alicheka mpaka kofia ikaanguka, na ndipo kwa mara ya kwanza ikapata doa, doa la njano, na hakulisafisha tena. Hata kijana wa mashine alicheka. Bango lake lilinunuliwa pamoja na hayo, likafunika kuni za jikoni, na yule kuku mwenye kung'aa alikaa pale nyuma akitazama mbinguni mpaka akachanika. Safu yote ikatuita. Na kila mmoja, muuza viatu, kinyozi, wa dawa, alisema maneno yale yale: nitilie na ile rangi ya mkia. Nimeichanganya debe baada ya debe, kivulini, na kipande cha bati, kama nilivyoambiwa siku ya kwanza.

Siku hizi pale pana ghorofa. Bi Zaituni alihamia Isiolo kwa dada yake, na jogoo alivunjwa pamoja na ukuta. Fundi Salimu macho yake yalipofifia nilikuwa nampeleka jioni pale stendi, anapenda kukaa asikie magari. Siku moja makondakta wa magari yanayoingia walikuwa wanaulizia abiria wa kushuka kama kawaida yao, Mkia, Mkia, wa Mkia nani, akanishika mkono.

"Nimeandika majina ya watu mji huu mzima," akaniambia, "na hakuna hata moja lililoshika. Wewe umekosea mchana mmoja, mji ukabadilisha jina." Kisha akacheka kwa wivu kabisa, yule mzee, na mimi nikacheka, tukakaa hapo hadi taa zikawaka.

Sasa magoti yangu yamekataa ngazi, ndiyo maana nawafunza nyinyi. Juzi nilipotoka sokoni nilisimamisha boda boda nikamwambia kijana anipeleke kwa Mkia. Aliniangalia mvi zangu, akanipa kofia, akaniuliza kwa upole kama mjukuu kwa bibi yake, shosho, lakini hapo kwa Mkia unapajua vizuri?

Nikamwambia napajua kidogo.